Siku ya familia ya chama chetu: kwa nini tusiiweke mwezi wa 12



Tangu juma lililopita tunabishana mu kundi letu juu ya tarehe ya siku ya familia, ile ambayo kila mmoja atakuja na bibi ao bwana, watoto, na wazazi kama wako na nguvu. Mapendekezo ni matatu: tarehe 26 mwezi wa 12, tarehe 30 mwezi wa 6, na siku ya posho iliyo karibu na tarehe moja mwezi wa 8. Wengi wameshika ya kwanza. Sababu yao: "Noeli na Bonané watu wote wako mu feti, makuta inatokaka bila shida."

Ni kweli makuta inatokaka. Mimi nilisoma agronomia, na ninaomba nieleze inatoka wapi.

Hapa Lubumbashi tuko na feti nyingi, na kila moja iko na majira yake. Mwaka unafunguka na Bonané. Tarehe 4 mwezi wa kwanza tunakumbuka mashahidi wa uhuru wa 1959, tarehe 16 ni Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ni Lumumba. Hiyo ya 17 kwetu si habari ya mbali: Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa 1961 huku kwetu, Shilatembo, nje ya mji, na leo kuko ukumbusho pale. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kupelekwa na kuelezwa, mdogo zaidi bado. Mwezi wa tatu tarehe 8, wamama wanatoka na bikwembe vya aina moja, hata kama si siku ya kufunga kazi. Kisha inakuja Pasaka, tarehe moja mwezi wa 5 ya wafanyakazi, tarehe 17 mwezi wa 5, tarehe 30 mwezi wa 6 ya uhuru, tarehe moja mwezi wa 8 ya wazazi, na mwishoni Noeli. Tangu 2023 tumeongeza tarehe 6 mwezi wa 4 ya Simon Kimbangu. Kwa wale wanaopenda sanaa kuko Biennale ya Lubumbashi iliyoanza 2008, lakini ile ni kila miaka miwili, haiwezi kubeba siku yetu.

Sasa chukueni kalenda hiyo, muiweke pembeni ya kalenda ya shamba.

Mvula yetu inashika vizuri mwezi wa 11 na inaisha karibu mwezi wa 4. Mahindi inapandwa kati ya katikati ya mwezi wa 11 na katikati ya mwezi wa 12. Wengi kati yetu wenye kazi mu mji wako na kipande cha shamba huko nje, barabara ya Kasenga, ya Kipushi ao ya Likasi. Kama si wao, ni baba mkwe ao kaka mkubwa. Tuseme mmoja amepanda tarehe 25 mwezi wa 11. NPK ameweka wakati wa kupanda. Urea inapaswa kuingia kati ya juma la nne na la sita, wakati muhindi unaanza kupanda mbio na kutengeneza ndani kabisa, kwa siri, kile kitakachokuwa suke. Hesabuni: juma la nne ni tarehe 23 mwezi wa 12. La tano ni tarehe 30. La sita ni tarehe 6 mwezi wa kwanza.

Kwa maneno mengine, urea inatakiwa kununuliwa juma lile lile la kuku, viatu vipya vya watoto, kaseti za bière na teksi ya kwenda kusalimia wajomba. Kipimo ambacho jirani zetu wa Zambia wanafundisha mkulima ni magunia 4 ya NPK na magunia 4 ya urea, ya kilo 50, kwa hekta moja. Hata ukipunguza nusu, ile si makuta ya mchezo. Na urea haingojeaki. Muhindi uliokosa azoti unaonyesha: majani ya chini yanageuka manjano kuanzia ncha, rangi inaingia katikati ya jani kama herufi V. Ukiona hivyo mwisho wa mwezi wa kwanza na ndipo unakimbia kununua, umechelewa. Mbolea utaweka, majani yatapata rangi, lakini suke lilishajihesabia mbegu zake.

Ninajua jibu: "Mimi sina shamba, mnanihusisha na nini?" Unanunua unga, si hivyo? Mwezi wa kwanza na wa pili ndio wakati akiba ya mahindi ya mwaka uliopita inamalizika na ya mwaka mpya ingali mashambani. Meka ya unga inapanda bei. Familia iliyotupa makuta yote mu feti ya Bonané inaingia mu kipindi hicho mikono mitupu, na masomo ya watoto yanafunguliwa tena. Kuko kaka fulani (simtaji) ambaye kila mwaka tarehe 15 mwezi wa kwanza anatuandikia mmoja mmoja, kwa siri, anaomba deni. Sisi wote tunamujua, na sisi wote tulikula kwake Noeli.

Tena kuko mvula yenyewe. Noeli wazazi wanapeleka watoto ku Zoo ya Lubumbashi, asubuhi jua zuri, mavazi meupe, mpiga picha anafurahi. Saa nane wingu linafunga, saa tisa watu mia wanasukumana chini ya paa moja. Na kwa sisi tunaotaka kupikia watu wengi, wakati wa mvula ndio wakati maji machafu yanaingia mu visima. Kolera si mgeni hapa. Sisemi tuogope kula pamoja, ninasema tuchague mwezi unaotusaidia.

Mwezi huo ni wa 6. Mahindi imeshavunwa, imekauka, imeanza kuuzwa. Mwenye shamba iko na kitu mkononi, asiye na shamba anapata unga kwa bei ya chini ya mwaka. Karanga mpya iko, viazi vitamu viko, maboga yaliyotunzwa vizuri bado yako. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 karibu hakunyeshi kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kukodisha salle: kivuli cha miti kinatosha, na ile bei ya salle inabaki kwa chakula. Jambo moja la kuangalia ni mupepo. Mji wetu uko juu, karibu metre 1,200, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 joto linashuka chini ya digrii 10. Wageni wa Kinshasa wanashangaaka. Basi tuanze saa nne asubuhi, tumalize saa kumi na moja, na kila mtoto aje na mupira wa baridi hata kama saa sita kuko jua kali.

Watoto watakunywa nini? Ninapendekeza munkoyo, na hapa naomba mnivumilie kidogo sababu ni kitu ninapenda. Watu wanaonaka munkoyo kama kinywaji cha masikini, wananunua sukre ya chupa ili kuonekana. Lakini kile kinachofanyika ndani ya ile sufuria ni kemia kamili. Unapika uji wa mahindi, unaacha upoe, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile iko na anzimu zinazokata wanga wa mahindi kuwa sukari ndogo ndogo: mbele ya macho yako uji mzito unageuka mwepesi, na unakuwa mtamu bila hata kijiko kimoja cha sukari. Kisha bakteria za maziwa lala zinaanza kazi na kuleta ule ukali mzuri. Anzimu zinakufa ndani ya moto, ndiyo maana mama zetu wanangojea uji upoe mbele ya kutia mizizi. Hawakusoma anzimu, walisoma sufuria.

Kwa siku yetu sheria ni mbili. Ya kwanza, utengenezwe siku moja mbele, si tatu. Siku ya kwanza ni kinywaji cha mtoto. Siku ya tatu pombe imeshaingia kidogo na wale wababa wa nyuma ndio watafurahi. Ya pili, maji yote ya kuongeza baada ya kupika yawe yamechemshwa, na chupa zioshwe na maji hayo. Munkoyo mbaya karibu siku zote ni maji mabaya.

Inabaki tarehe moja mwezi wa 8. Nimeona wadada wawili wanaitetea kwa nguvu, na sababu yao ni nzuri: ile ni siku ya wazazi, nchi nzima inafunga kazi, ilianza tangu wakati wa Mobutu, na ni feti ambayo sisi Wakongomani tuko nayo kwa namna yetu. Asubuhi ni ya waliokufa, watu wanaenda kusafisha makaburi. Mangaribi ni ya wazazi walio hai, unaleta kikwembe, kuku, ao unapiga simu. Mimi ninaona kwa sababu hiyo hiyo tuiache. Kila mmoja iko na makaburi yake na wazazi wake, wengine wanasafiri mpaka Likasi ao Kolwezi. Chama kikichukua siku hiyo, kitamnyang'anya mama mtoto wake. Kesho yake, tarehe 2, ni kumbukumbu ya waliouawa mu vita, Genocost, haifai kucheza. Na majuma manne baadaye shule zinafunguka: minerval, daftari, uniforme.

Kwa kuwa nimefika makaburini, neno moja kwa wale watakaoenda. Msisafishe kwa moto. Mwezi wa 8 majani yamekauka kabisa, mupepo unavuma, na moto uliowashwa juu ya kaburi moja haujui mpaka wa kaburi. Unachoma misalaba ya mbao ya watu wengine, unachoma miti, kisha unavuka na kuingia mu mashamba ambayo bado iko na mihogo. Jembe, panga na rato vinatosha, majani mrundike pembeni yaoze. Na maua msipande siku hiyo, yatakufa kwa kiu ndani ya juma moja. Rudini mwezi wa 12, mvula ikishashika, mpande wakati huo. Mama aliyelala pale hatakasirika kutembelewa mara mbili.

Basi pendekezo langu: tarehe 30 mwezi wa 6, baada ya défilé, ao siku ya posho inayofuata kwa wale ambao kazi yao inawalazimisha kuwa mbele ya tribune. Mchango tuanze kuukusanya mwezi wa 5, wakati mahindi inauzwa, kidogo kidogo, na yule asiye na franga alete meka mbili za unga ao karanga, tutaandika mu daftari sawa na makuta. Wazee wasilipe. Watoto chini ya miaka sita vilevile.

Leo tuko mwezi wa 10, watu bado hawajanunua mbegu. Tukikubaliana kabla ya mwisho wa mwezi huu, wale walioanza kuweka makuta pembeni juu ya tarehe 26 wataweza kuigeuza kuwa urea. Andikeni maoni yenu hapa chini, hata ya kunipinga, ila tafadhali msinitumie tena picha ya zoo.