Mwenyeji na Mwananchi

Asili ya neno "mwenyeji" ni mwenye mji, yaani mtu wa mahali aliye na haki mahali hapo. Kinyume chake ni "mgeni". Sisi wa Mkange, tushukao Bagamoyo kwa biashara na kwa mashauri, twayasikia maneno haya daima. Yafaa tuone yalivyotumika.

Zamani wenyeji wa mji wa Bagamoyo walikuwa Washomvi. Watumwa walioletwa na misafara ya bara hawakuhesabiwa pamoja nao. Methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hawa walishika jembe tangu siku ya kwanza hata wakazeeka, wasiitwe wenyeji. Mtoto wao aliitwa "mzalia": amezaliwa papo hapo, wala mji si wake. Sheria ilikomesha utumwa mwaka 1922, ila majina hayakwisha upesi.

Yahya bin Abdallah, aitwaye Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo utotoni, mtumwa kutoka upande wa Kongo. Akasoma elimu ya dini, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu wengi wakamfuata hata alipofariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alirithi nafasi yake, akaiunga mkono TANU, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954.

Siku hizo za kudai uhuru neno "mwananchi" lilishika nguvu, nalo ni mwana wa nchi. Mwenye mali aweza kuwazuia wengine. Mwana haombi ruhusa ya kukaa kwao. Basi si ajabu wale walionyimwa mji kulipokea neno hili kwa furaha.

Hata hivyo mji haukuwafungukia wote. Wakati wa Waingereza, waliokosa kazi Dar es Salaam waliitwa wahuni, wakarudishwa makwao. Mwaka 1983, miaka 22 baada ya uhuru, serikali ya wananchi wenyewe ilifanya vivyo hivyo kwa jina la Nguvu Kazi. Mtu alikuwa mwana wa nchi nzima, wala hakuwa mwenyeji wa mji alimolala.

Kwa hiyo, waalimu wenzetu, tufundishapo neno "mwananchi", tusiseme tu kwamba ni raia. Tuwaulize wanafunzi: kijana wa Mkange aendaye Dar es Salaam kutafuta kazi, huko ni mwana au ni mgeni?