Ndege wa Bewick

Mwaka 1797, mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, kilichapishwa kitabu cha ndege ambacho picha zake ni ndogo, lakini manyoya karibu yahesabike. Thomas Bewick alizichonga kwenye mbao.

Picha za mbao zilikuwepo karne nyingi kabla yake. Tatizo lilikuwa nyuzi: ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti humsumbua fundi anayetaka mstari mwembamba. Bewick alitumia mti mgumu sana wa jamii ya Buxus, uliokatwa kwa kukingama. Hapo chombo chenye ncha kali huteleza upande wowote bila kukwama.

Kazi yenyewe inahitaji akili ya kinyume. Panapochongwa hubaki peupe, pasipoguswa hushika wino, na picha nzima huchongwa kwa kugeuzwa, kulia kuwa kushoto. Ukikata zaidi ya inavyotakiwa, hakuna kufuta.

Faida kubwa ilikuwa matbaani. Kibao kililingana kimo na herufi za risasi, hivyo picha na maneno vilichapwa pamoja. Picha za shaba zilidai mashine yake peke yake, na gharama zake.

Kitabu cha watoto cha Lewis Carroll kuhusu msichana Alice, cha mwaka 1865, kilitegemea ufundi huohuo. John Tenniel alichora. Karakana ya ndugu wa familia ya Dalziel ikachonga. Sifa nyingi akapewa Tenniel, jambo lisilo la haki hata kidogo, maana kila mstari uliochapwa ulipita mikononi mwa wachongaji.