Spika ndefu: Desibeli kwanza, wati baadaye

Mnunuzi wa spika ndefu za sinema ya nyumbani mara nyingi hubaki na amplifaya yake ya zamani. Hapo ndipo muuzaji huweza kupata hasara. Wati zilizoandikwa kwenye boksi huonyesha umeme ambao spika inaweza kuhimili, si ukubwa wa sauti. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 hulingana kwa sauti na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Ya omu 4 nayo huvuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8, hivyo amplifaya ndogo huweza kuchemka na kuzima. Mzigo ukirudishwa, mtaji umelala. Mwenye mtaji mdogo aagize za omu 8, zenye desibeli 90 au zaidi.