Jino Limetoka, Mbona Maumivu Yamebaki?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo karibu kila familia imelionja: kung'olewa jino, na hasa yale maumivu yanayokuja baada ya jino kutoka.

Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja ameteswa na gego la chini kwa mwezi mzima. Halali, hali, na watoto wanamkwepa kwa sababu ya ukali unaoletwa na maumivu. Siku ya Ijumaa anapata nauli, anakwenda hospitali ya wilaya na kung'olewa. Jumamosi anaendelea vizuri, kazi za nyumbani anafanya kama kawaida. Jumatatu alfajiri anaamshwa na maumivu makali kuliko yale ya jino lenyewe. Yanagonga kama nyundo, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo unatoa harufu mbaya. Anasema, "Daktari ameniachia kipande cha jino." Jirani anamletea vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani kwake. Anavimeza siku tatu bila nafuu yoyote. Tangu siku hiyo nyumba nzima inaapa kwamba ni afadhali jino liozee mdomoni kuliko kwenda kuling'oa.

Kiapo hicho ndicho kinachotutia wasiwasi. Jino bovu lililoachwa mdomoni huweza kutunga usaha, na usaha ukishuka shingoni unaweza kuua. Kumbe maumivu ya mama huyu yana jina, yana sababu, na yana tiba isiyochukua muda mrefu. Tena, mara nyingi yanazuilika.

KIDONDA CHA JINO KINAVYOPONA

Jino likitoka huacha tundu ndani ya mfupa wa taya. Tundu hilo hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge. Watu wengine wakiliona kwenye kioo hudhani ni uchafu, wakalitoa kwa kijiti au kwa ulimi. Sivyo! Donge hilo la damu ndilo dawa ya kwanza. Ni kama kigaga juu ya kidonda cha mguu: hufunika mfupa pamoja na ncha za mishipa ya fahamu, na nyama mpya huota mahali pake. Nyama hiyo huanza kufunika tundu katika wiki moja au mbili. Mfupa wenyewe huchukua miezi kadhaa kujaa.

Donge likitoka mapema au likiyeyuka, mfupa hubaki uchi. Chakula, mate na hewa vikiugusa ni mateso. Hali hii madaktari wa meno huiita "tundu kavu", na wameijua kwa jina hilo tangu mwaka 1896.

UTAITAMBUAJE?

Shikeni kanuni hii moja: maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Siku ya kwanza, ganzi ikiisha, ni lazima uumwe. Siku ya pili huwa nafuu kidogo, na ya tatu nafuu zaidi. Lakini ikiwa ulianza kupata nafuu, kisha kati ya siku ya pili na ya nne maumivu yakarudi kwa nguvu, fikiria tundu kavu. Maumivu hayo huweza kupanda sikioni, kwenye jicho au kwenye kipaji upande uleule. Mdomo hunuka na kuwa na ladha mbaya. Ukitazama, tundu huonekana tupu au lina rangi ya kijivu. Kwa kawaida hakuna homa wala uvimbe mkubwa.

Kati ya watu 100 wanaong'olewa meno kwa njia ya kawaida, 1 hadi 5 hupata shida hii. Kwa magego ya mwisho ya taya la chini, yale yanayohitaji kupasuliwa ndipo yatoke, idadi hiyo huweza kufika hata 30. Walio katika hatari zaidi ni wavutaji wa sigara, wenye mdomo mchafu au fizi zenye ugonjwa, waliong'olewa jino kwa taabu, wanawake wanaotumia vidonge vya kuzuia mimba, na wale waliowahi kuipata hapo nyuma.

KABLA YA KUNG'OA

Mweleze mhudumu ukweli wote. Je, una kisukari au shinikizo la damu? Una ugonjwa wa moyo, hasa wa vali? Una selimundu? Una mimba? Ukijikata, damu hukawia kukatika? Unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarini? Umewahi kuchomwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au kupewa dawa za kuimarisha mifupa? Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwulize daktari kwanza.

Tena, ukiweza kuchagua, ng'oa jino asubuhi, na iwe mwanzoni mwa wiki. Damu ikikataa kukatika, itakuwa bado mchana na wahudumu wapo. Na tundu kavu likitokea siku ya tatu, itakuwa siku ya kazi na si mwisho wa juma.

SAA 24 ZA KWANZA: LINDA DONGE

1. Ng'ata gozi uliyopewa kwa nguvu ya wastani kwa nusu saa hadi saa moja. Usiitafune, wala usiitoe kila mara kutazama kama damu imekatika.

2. Usisukutue mdomo, na usiteme mate kwa nguvu. Meza mate, au yaache yatiririke yenyewe. Usinywe kwa mrija wala kufyonza chupa ya soda, kwa sababu kule kuvuta ndiko kunakong'oa donge.

3. Usivute sigara wala kutumia ugoro au tumbaku kwa muda usiopungua siku tatu. Pombe nayo iache.

4. Usifanye kazi nzito. Jembe, shoka na ndoo ya maji kichwani visubiri siku moja au mbili. Akina baba na vijana, hapa ndipo mahali penu: mchoteeni mama maji. Wakati wa kulala, ongeza mto ili kichwa kiinuke.

5. Kula vyakula laini visivyo vya moto: uji uliopoa, mtori, ndizi zilizopondwa, maziwa. Tafuna kwa upande mwingine. Bisi, karanga na mifupa viache kwa siku kadhaa.

6. Shavu likiwa limevimba kidogo, weka juu yake kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, dakika kumi au kumi na tano kwa wakati mmoja.

7. Watoto waangaliwe mpaka ganzi iishe. Mtoto asiyesikia mdomo wake huweza kuutafuna mpaka ukawa kidonda. Asipewe chai ya moto.

BAADA YA SAA 24

Sasa usafi ndio unaolinda. Chukua glasi ya maji safi yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Weka mdomoni, inamisha kichwa polepole upande huu na upande ule, kisha yaache yatoke yenyewe. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa wiki moja. Piga mswaki meno mengine kama kawaida, ila pita mbali kidogo na kidonda.

DAMU ISIPOKATIKA

Mate mekundu siku ya kwanza yasikutishe. Tone moja la damu hupaka rangi mate mengi. Lakini damu ikijaa mdomoni, fanya hivi: keti wima, futa mabonge yaliyo nje ya tundu, kunja gozi au kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kiweke juu ya tundu lenyewe, kisha ng'ata kwa nguvu dakika 30 kwa saa, bila kuzungumza. Kama hakuna gozi, kifuko cha majani ya chai kilicholowekwa katika maji ya moto kikapoa kinafaa, kwa sababu chai ina kitu kinachosaidia damu kuganda. Baada ya hapo, ikiwa bado inatoka kwa wingi, nenda hospitali, hata kama ni usiku.

DAWA ZA MAUMIVU

Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita. Asizidishe vidonge vinane katika saa 24. Ni vizuri kuanza kabla ganzi haijaisha kabisa. Ibuprofeni, kidonge cha miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, husaidia sana maumivu ya meno. Lakini isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, wala mama mjamzito bila ruhusa ya daktari. Watoto hupimiwa dawa kwa uzito wao; mwulize mhudumu.

Aspirini usiitumie kutuliza maumivu haya, maana huzuia damu kuganda. Na kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya ufizi kamwe, kinauunguza.

TIBA YA TUNDU KAVU

Dawa ya maduka haitoshi hapa. Rudi pale ulipong'olewa. Usione haya, na usidhani utagombezwa. Tundu kavu humpata mtu hata kama daktari alifanya kazi yake vizuri na mgonjwa alitii kila kitu.

Mhudumu atalisafisha tundu taratibu kwa maji ya chumvi na kutoa mabaki ya chakula. Kisha ataweka ndani dawa ya kutuliza, ambayo mara nyingi ina mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu ileile inayolimwa Unguja na Pemba: mafuta yake yana kitu kinachoitwa eujenoli, ambacho hufanya mishipa ya fahamu itulie. Wagonjwa wengi husikia nafuu siku hiyohiyo. Dawa huweza kubadilishwa kila siku au kila baada ya siku mbili tatu mpaka maumivu yaishe. Nyama hufunika mfupa kwa kawaida katika siku 7 hadi 14.

Je, na amoksilini ya jirani? Tundu kavu si usaha; ni mfupa uliokosa kifuniko. Antibiotiki hazirudishi kifuniko hicho. Kuzimeza ovyo hufanya vijidudu vizizoee, na siku utakapozihitaji kweli hazitakusaidia. Kama daktari amekuandikia yeye mwenyewe, basi zitumie mpaka zimalizike. Ukipewa metronidazoli, usinywe pombe.

Mafuta makali ya karafuu usijimiminie nyumbani, kwani huchoma ufizi. Wala usitie tunduni majivu, tumbaku, mafuta ya taa au majani yaliyotwangwa.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE ASUBUHI

Nenda hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, hasa chini ya kidevu au shingoni.
- Mdomo haufunguki, au mate yanachuruzika kwa sababu huwezi kumeza.
- Ulimi umeinuliwa juu, sauti imebadilika, au pumzi inapata taabu.
- Homa kali na kutetemeka, au usaha unatoka.

Uvimbe wa chini ya ulimi ulielezwa na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836. Kabla ya kupatikana antibiotiki, uliua zaidi ya nusu ya walioupata. Hata leo huziba njia ya pumzi kwa muda mfupi. Hapa antibiotiki zinahitajika kweli, lakini kwa sindano, hospitalini, na mara nyingi pamoja na kupasuliwa ili usaha utoke.

Vilevile, kidonda cha jino kisichofunga baada ya wiki tatu kipelekwe kwa daktari kikachunguzwe, hata kama hakiumi.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Ni bora kuzibiwa jino likiwa na tundu dogo kuliko kulingoja lioze. Lakini kama imebidi litoke, basi litoke, wala hofu isikufunge. Ukifika nyumbani linda donge la damu. Hesabu siku zako, na maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, rudi kwa aliyekung'oa.

Ukurasa huu ukateni, mwuweke pamoja na kadi za kliniki. Siku moja mtu wa nyumbani mwenu atauhitaji.