Nyasi za Simanjiro ni mtaji, si pori la bure

MPITA NJIA anayekatiza uwanda wa Simanjiro, mkoani Manyara, huona nyasi fupi na migunga michache. Wengi huuita pori lililolala, linalosubiri trekta. Mfugaji wa huko anajua kuwa nyasi hizo ndizo benki yake.

Mvua zinapoanza, nyumbu na pundamilia huondoka Hifadhi ya Taifa ya Tarangire kwenda kuzaa Simanjiro. Kiangazi kikiingia, hurudi kufuata maji ya Mto Tarangire. Sababu iko kwenye udongo. Wakati wa mvua, nyasi fupi za Simanjiro huwa na madini ya fosforasi mengi kuliko za hifadhini, na mnyama anayenyonyesha huyahitaji ili atoe maziwa. Kinachomfaa nyumbu humfaa pia ng'ombe.

Lakini ujirani huo una gharama. Ndama wa nyumbu hueneza virusi ambavyo haviwadhuru wao. Ng'ombe akivipata malishoni, hushikwa na homa kali na karibu kila mara hufa. Haina tiba. Ndiyo maana Wamasai huondoa mifugo uwandani hadi ndama hao wakue. Malisho ya akiba yakiwa yamelimwa, mfugaji hukosa pa kukimbilia.

Mashamba ya mahindi na maharage yameongezeka Simanjiro tangu miaka ya 1980. Mvua ikinyesha vizuri, yanalipa. Ikikatika, mkulima hupoteza mbegu, dizeli na nguvu zake. Nyasi za asili zikishang'olewa hazirudi msimu unaofuata. Magugu hutangulia, zenyewe huchukua miaka.

Ukame wa mwaka 2009 ulitoa somo. Ng'ombe wengi walikufa kaskazini mwa Tanzania. Nyakati kama hizo aliyekonda huuzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na mchuuzi anayemnunua huhofia asije akamfia njiani.

Zipo njia za kulinda mtaji huu. Katikati ya miaka ya 2000, Kijiji cha Terrat kiliingia mkataba na kampuni za utalii: kilimo na makazi ya kudumu vizuiwe katika eneo lililotengwa, ufugaji uendelee, na kijiji kilipwe kila mwaka. Hivyo nyasi zilezile zililisha ng'ombe na kuingiza fedha za wageni.

Kijiji kisicho na watalii nacho kina la kufanya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kutenga malisho na kuyatolea hati ya kimila. Tengeni pia alalili, malisho ya akiba ya ndama na ya kiangazi, na yasiguswe kabla ya wakati. Mwenye nyasi za ziada karibu na boma azikate zinapoanza kutoa maua, azikaushe na kuzifunga robota. Kiangazi robota hizo zitalisha ndama wake, na zikibaki atapata mnunuzi.

Kabla ya kukodisha trekta, piga hesabu ya miaka kumi, si ya msimu mmoja.