Gari Husimama Baada ya Mita Ngapi? Anachopimwa Dereva na Anachopaswa Kukijua Abiria

Miongoni mwa maswali ambayo dereva hutarajiwa kuyajibu anapopimwa maarifa ya udereva, lipo moja linaloonekana dogo: gari linalokwenda kwa mwendo fulani huhitaji umbali gani ili lisimame? Ni rahisi mtahiniwa kukariri tarakimu usiku wa kuamkia mtihani na kuzisahau wiki inayofuata. Hata hivyo, jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo mtoto anayevuka barabara katika kijiji kilicho kati ya Lamadi na Bariadi atafika ng'ambo akiwa salama.

Makala hii inaeleza jinsi umbali huo unavyopatikana na mambo yanayourefusha, kwa kutumia mifano ya barabara za Mkoa wa Simiyu. Tumeiandika kwa ajili ya madereva, wamiliki wa vyombo vya usafiri na, zaidi ya wote, abiria. Abiria ndiye anayelipa nauli, na ndiye anayebeba madhara dereva anapokosea hesabu.

Nani humpima dereva?

Mwombaji wa leseni ya udereva hupimwa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kwa dereva wa gari la biashara kuna hatua nyingine. Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya mwaka 2019 imetupa jukumu la kuwathibitisha madereva wa vyombo tunavyovidhibiti. Kwa hiyo, dereva wa basi au lori la biashara hutakiwa kuonesha kwamba anazijua sheria, alama na kanuni za usalama, hata kama ameshika usukani kwa miaka mingi. Uzoefu humfundisha mtu kuliendesha gari. Haumfundishi kila mara ni kwa nini gari lilikataa kusimama siku ile alipolihitaji lisimame.

Umbali wa kusimama una sehemu mbili

Sehemu ya kwanza ni umbali ambao gari husafiri kabla breki haijakanyagwa. Macho huona hatari, akili hutambua kilichoonekana, kisha mguu huhama kutoka kwenye pedeli ya mafuta kwenda kwenye breki. Kwa dereva aliye makini na asiyechoka, kazi hiyo huchukua takriban sekunde moja. Katika sekunde hiyo gari huendelea na mwendo wake wote. Likiwa katika kilomita 80 kwa saa, husafiri mita 22 kabla breki haijaanza kazi.

Sehemu ya pili ni umbali ambao gari husafiri tangu breki iliposhika hadi magurudumu yaliposimama. Umbali huu hutegemea mwendo, hali ya breki na matairi, na jinsi uso wa barabara unavyoshikamana na tairi.

Tarakimu zifuatazo tumezikokotoa kwa gari dogo lenye breki na matairi mazuri, kwenye lami kavu, dereva akitumia sekunde moja kutambua hatari:

Kilomita 30 kwa saa: mita 8 kabla ya breki, mita 5 za breki, jumla mita 13.
Kilomita 50 kwa saa: mita 14 kabla ya breki, mita 14 za breki, jumla mita 28.
Kilomita 80 kwa saa: mita 22 kabla ya breki, mita 35 za breki, jumla mita 57.
Kilomita 100 kwa saa: mita 28 kabla ya breki, mita 55 za breki, jumla mita 83.

Linganisha mstari wa kilomita 50 na ule wa kilomita 100. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa breki umeongezeka mara nne, kutoka mita 14 hadi 55. Hiyo ndiyo kanuni ambayo dereva anapaswa kuielewa badala ya kukariri tarakimu peke yake: nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukizidi mara tatu, umbali wa breki huzidi mara tisa.

Kilomita kumi za ziada zina gharama gani?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Baadhi ya madereva huuliza kwa nini sheria ing'ang'anie 50, ilhali 60 ni tofauti ndogo tu. Tuchukue mfano. Mtoto anaingia barabarani mita 28 mbele ya gari. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa atasimama mbele ya mtoto huyo bila kumgusa. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa, mwenye breki zilezile na umakini uleule, atakuwa ametumia karibu mita 17 kabla ya kukanyaga breki. Mita 11 zilizobaki hazimtoshi, na atamgonga mtoto gari likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa. Dereva wa kilomita 80 atamgonga akiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, kana kwamba hakufunga breki kabisa.

Tofauti ya kilomita kumi kwenye dashibodi huwa tofauti ya kilomita arobaini mwilini mwa mtoto. Abiria anayemhimiza dereva akanyage mafuta gari linapokatiza kijijini anapaswa kulijua hilo.

Barabara za Simiyu huongeza nini katika hesabu hii?

Barabara ya lami inayotoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa kuelekea Mwigumbi mkoani Shinyanga imepunguza sana muda wa safari. Sehemu kubwa yake hupita katika nchi tambarare, na barabara iliyonyooka humfanya dereva ajione yuko taratibu kuliko alivyo. Yapo mambo manne ambayo jedwali letu halikuyahesabu.

La kwanza ni mvua. Kwenye lami iliyolowa, umbali wa breki waweza kuwa mara mbili. Gari la kilomita 80 kwa saa lililohitaji mita 57 sasa litahitaji zaidi ya mita 90. Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ni hatari zaidi, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyojikusanya barabarani huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Katika barabara za changarawe na za udongo mweusi zinazoelekea vijijini, tairi hukosa mshiko hata bila mvua kubwa.

La pili ni giza. Taa za chini za gari humulika takriban mita 40 hadi 60 mbele. Kundi la ng'ombe, baiskeli isiyo na kiakisi mwanga au mkokoteni ulioharibika hautaonekana kabla ya hapo. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa kwa taa za chini anahitaji mita 57 ilhali huenda anaona 40. Kwa maneno mengine, anaendesha gari kuingia mahali asipopaona.

La tatu ni uzito. Wapo wanaoamini kwamba gari zito hushika barabara na hivyo husimama upesi. Imani hiyo si sahihi. Breki hubadili mwendo kuwa joto, na mzigo ukizidi kiwango, joto huzidi uwezo wa breki. Aidha, breki za upepo za mabasi na malori huchelewa kidogo kushika baada ya kukanyagwa. Nusu sekunde ya kuchelewa ni mita 11 zaidi katika kilomita 80 kwa saa. Basi lililojaa linaweza kuhitaji mita 80 au zaidi mahali ambapo gari dogo husimama kwa mita 57. Hii ni miongoni mwa sababu za sheria kuyawekea mabasi na malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500 kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Katika msimu wa pamba, malori yaliyosheheni yanapoelekea viwandani, mwenye gari dogo asikatize mbele ya lori kwa kudhani kwamba litasimama kama gari lake.

La nne ni dereva mwenyewe. Uchovu, pombe na simu ya mkononi huirefusha ile sekunde moja. Kila sekunde ya ziada katika kilomita 80 kwa saa ni mita 22 nyingine.

Magari mawili yanapokabiliana

Tarehe 11 Januari 2022, katika Wilaya ya Busega, gari lililobeba waandishi wa habari na basi dogo la abiria yaligongana, na zaidi ya watu kumi walipoteza maisha. Hatukusudii hapa kuzungumzia chanzo cha ajali hiyo. Tunaikumbusha kwa sababu magari yanapoelekeana, kila mmoja huhitaji umbali wake, na umbali huo hujumlishwa. Magari mawili yenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa kila moja yanahitaji takriban mita 115 kwa pamoja ili yasimame bila kugusana, na kila sekunde inayopita humeza mita 44. Madereva wakionana katika mita 100, hata wote wawili wakifunga breki kwa nguvu zote, watagongana. Ndiyo maana kulipita gari jingine mahali usipoona mbele hakurekebishwi na breki nzuri.

Maswali ya kujipima

1. Unafuata basi kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu. Uache nafasi gani? Basi linapopita alama ya barabarani, anza kuhesabu: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia alama hiyo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Sekunde mbili ni mita 44; mvua ikinyesha, hesabu hadi nne.

2. Je, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga hufupisha umbali wa kusimama? Si kila mara. Kazi yake kuu ni kumwezesha dereva kuendelea kuongoza gari akiwa amefunga breki. Kwenye changarawe umbali waweza hata kuongezeka.

3. Mwendesha bodaboda amebeba abiria wawili. Je, breki ya nyuma inamtosha? Hapana. Pikipiki inapofunga breki, uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Breki zote mbili zitumike pamoja. Aidha, kubeba abiria zaidi ya mmoja ni kosa, na huuongeza uzito ambao breki hizo zinapaswa kuuzuia.

Abiria afanye nini?

Usimhimize dereva aongeze mwendo, hata kama umechelewa. Tukichukua umbali wa kilomita 40, kwenda kilomita 100 kwa saa badala ya 80 huokoa dakika sita tu, lakini huongeza mita 26 katika umbali wa kusimama.

Kabla ya kupanda, tazama matairi. Tairi lenye kipara halitoi maji barabarani wakati wa mvua, na unayo haki ya kuliulizia. Funga mkanda pale ulipo, kwa kuwa gari likisimama ghafla mwili wako huendelea na mwendo ule uliokuwa nao.

Dereva akizidisha mwendo, akitumia simu au akilipita gari jingine mahali pasipoonekana mbele, mwambie kwa heshima yeye au kondakta. Asiposikia, andika namba ya usajili wa gari, mahali na saa, kisha toa taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa ofisi yetu ya mkoa. Taarifa yenye mambo hayo matatu hutuwezesha kuilinganisha na kumbukumbu za mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, na kuchukua hatua.

Kwa dereva, tunasisitiza jambo moja. Umbali wa kusimama huamuliwa kabla ya hatari kuonekana, pale mwendo unapochaguliwa. Breki hutekeleza tu uamuzi ambao mguu wa kulia ulikwishaufanya.