Ganzi miguuni: Hatari huanza pale maumivu yanapokwisha

MZEE mmoja, mwalimu mstaafu, aliingia katika chumba changu cha matibabu asubuhi moja akichechemea kidogo. Hakuja kwa sababu ya mguu. Alikuja kuchukua dawa zake za kisukari, kama alivyozoea kila mwezi. Nilimwomba avue viatu. Soksi ya kulia ilikuwa imelowa damu na usaha, na ndani ya kiatu kulikuwa na msumari uliopenya soli. Alikuwa ameukanyaga kwa siku tatu asijue.

"Lakini daktari, siumwi hata kidogo," aliniambia, kana kwamba ananiliwaza.

Maneno hayo ndiyo yaliyonitia hofu. Nami nilikuwa na lawama yangu. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, mzee huyu alinieleza kwamba usiku nyayo zinamchoma kama aliyekanyaga majivu ya moto. Nilimwandikia tembe za kutuliza maumivu, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Sikumvua viatu. Baadaye moto ule ulizimika wenyewe, naye akamshukuru Mungu akidhani amepona. Kumbe mishipa iliyokuwa ikilia ilikuwa imenyamaza.

Mwalimu alipoteza kidole kimoja. Wengine hupoteza mguu mzima. Ndiyo sababu wiki hii, msomaji, nataka tuzungumze juu ya ganzi ya miguu.

Kwa nini huanzia vidoleni

Mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva, hufanya kazi kama nyaya za simu. Hupeleka habari za joto, baridi, mguso na maumivu hadi kwenye ubongo, na kurudisha amri kwa misuli. Neva inayofika kwenye kidole cha mguu hutoka kwenye uti wa mgongo, safari ya karibu mita moja kwa mtu mzima. Waya mrefu ndio rahisi kuharibika, kwa hivyo madhara huanzia kwenye vidole vya miguu, yakapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Yanapokaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi. Kitaalamu hali hii huitwa nyuropathi.

Wengine huhisi kama wametembewa na siafu, wengine kama wanachomwa sindano, na wengine husema wanakanyaga pamba. Mara nyingi usiku ndio mbaya zaidi. Zipo pia neva zinazosimamia mambo tusiyoyafikiria. Zikiharibika, miguu huacha kutoa jasho, ngozi hukauka na kupasuka, na viini hupata mlango. Mgonjwa anaweza kupata kizunguzungu anaposimama, tumbo likawa zito kusaga chakula, na mwanamume akapungukiwa na nguvu za kiume. Usione haya kumweleza daktari haya yote.

Chanzo chake

Kuna wanaoamini kwamba mtu mwenye miguu inayowaka amekanyaga kitu alichotegewa na adui. Nimewaona wagonjwa waliouza mbuzi wakitafuta wa kuwategua, na huku sukari ikipanda. Chanzo kikuu ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huziharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha.

Zipo sababu nyingine. Pombe nyingi, ikiwemo chang'aa, huziumiza neva, hasa mnywaji asipokula vizuri. Ukosefu wa vitamini B12 huleta ganzi, na wanaotumia metformini kwa miaka mingi wamo katika hatari ya kupungukiwa nayo. Virusi vya ukimwi navyo huharibu neva, na baadhi ya dawa za zamani zilizidisha tatizo. Mojawapo ni stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi mwaka wa 2009 ziiondoe polepole. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuleta ganzi, na ndiyo maana wagonjwa huongezewa vitamini B6. Ziko dawa za saratani zenye tabia hiyo, upo ugonjwa wa figo, na upo ukoma.

Ukoma ndio uliotufundisha somo kubwa. Dkt Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, kuanzia mwaka wa 1946, alitambua kwamba vidole vyao havikuwa vikioza tu kwa sababu ya ugonjwa. Vilikuwa vikikatwa, vikiungua na kuchubuka kila siku, na mwenyewe hakuhisi. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Akiondoka, nyumba hubaki wazi.

Jinsi ya kujipima

Kliniki hupima kwa uzi wa nailoni unaoguswa kwenye unyayo. Lakini iko njia isiyohitaji kifaa chochote, iliyobuniwa katika hospitali ya mji wa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka wa 2011. Vua viatu na soksi, ulale, ufumbe macho. Mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na kile kidogo, miguu yote miwili. Asikusukume wala kukupapasa. Sema kila unapohisi. Ukikosa kuhisi mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, miguu yako imo hatarini. Mwone daktari.

Tazama kwamba kipimo hiki huwezi kukifanya peke yako. Tutalirudia jambo hilo.

Dawa zinaweza nini?

Kwanza hutibiwa chanzo. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka wa 1993 ulionyesha kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari barabara walipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa asilimia 60 hivi. Kwa aina ya pili faida ni ndogo zaidi, lakini usiache kudhibiti sukari, kwa kuwa macho, figo na moyo pia vinaitegemea. Neva iliyokwisha kufa haifufuki kwa urahisi, na ile inayoweza kuota upya huota kiasi cha milimita moja tu kwa siku. Subira inahitajika.

Kwa maumivu, tembe za kawaida za kichwa hazisaidii sana. Daktari anaweza kukupa amitriptilini kidogo usiku, au gabapentini. Amitriptilini ilianza kama dawa ya watu wenye huzuni kubwa. Ukisoma hivyo kwenye karatasi, usidhani daktari amekuona una wazimu. Huleta usingizi na kukausha mdomo, na wazee wenye shida ya kukojoa waseme mapema. Usiichanganye na pombe. Sindano za vitamini humsaidia aliyepungukiwa na vitamini. Asiyepungukiwa hulipia mkojo wa rangi.

Benchi la wagonjwa

Kidonda cha mwalimu kilipopona, aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe: alikuwa halali. Alihofia ataonekana mzee wa kulalamika, kwa sababu mguu unaowaka hauonekani kuwa na lolote. Nilimpeleka kwa muuguzi wetu, ambaye alikuwa amewakusanya wagonjwa kadhaa kwenye benchi siku ya kliniki.

Mama mmoja muuza mboga alimuuliza, "Mzee, na zako huwaka usiku? Mimi hata shuka sitaki inigusie." Mwalimu alicheka hadi machozi yakamtoka. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekutana na mtu asiyehitaji kuelezwa.

Wao ndio waliomfundisha kuweka katoni chini ya shuka, upande wa miguu, ili nguo isimguse. Walimwambia anunue viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Walimwonya asiote moto wa jiko kwa miguu wakati wa baridi ya Julai, na apime maji ya kuoga kwa kiwiko. Mengi ya hayo sikuyasoma chuoni.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hukaguana. Kila wanapokutana, viatu huvuliwa na kila mmoja humtazama mwenzake nyayo na katikati ya vidole. Siku moja walimkuta kijana wa bodaboda ana malengelenge kifundoni. Alikuwa ameunguzwa na bomba la moshi la pikipiki yake, asijue. Aliletwa kwangu saa ile ile, na alipona bila kukatwa chochote.

Kikundi hakifufui neva. Lakini aliyepoteza mlinzi wa miguu yake huazima macho ya wenzake. Kuanzisha kimoja si kazi, kwa kuwa sisi Wakenya tunajua vyama. Mwombe muuguzi wa kliniki awaunganishe, chagueni siku, na mkitaka, changeni kidogo kidogo mnunue mashine ya kupima sukari. Lakini wekeni masharti. Msipeane tembe, maana dawa ya mwenzako si yako. Kila mtu atumie kijisindano chake cha kutoboa kidole. Na anayekuja kuwauzia chupa ya kuponya neva kwa wiki mbili, mwonyesheni mlango.

Kila siku nyumbani

Osha miguu, uikaushe vizuri katikati ya vidole, na upake mafuta penye ukavu, lakini si katikati ya vidole. Kagua nyayo kwa kioo kidogo, au mwite mke, mume au mjukuu akutazamie. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Sugu usizikate kwa wembe. Ukiona funza, usijichokoe, nenda zahanati.

Ukipata kidonda, lengelenge, usaha, harufu au kidole kilichobadilika rangi, usingoje tarehe ya kliniki. Mguu ukivimba na kuwa moto bila kuuma, usiukanyage, nenda siku hiyo hiyo. Na ganzi ikipanda kwa siku chache huku miguu ikilegea, au ikakupiga ghafla upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura ya hospitali kubwa.

Mwalimu bado huja kila mwezi. Hufika mapema, akakaa kwenye benchi lile, na akiona mgeni humwambia avue viatu kabla hata hawajajuana majina. Mimi nami nimejifunza: hakuna mgonjwa wa kisukari anayetoka kwangu sijaona nyayo zake. Nikisahau siku nitakayokuhudumia, msomaji, vua mwenyewe.